Je, Wajua? Wana wa Safari, Kutoka Usoke Hadi Connecticut

Je, wajua kwamba Desemba 2009 Brandon Marshall alidaka pasi 21 katika mechi moja ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na rekodi hiyo haijavunjwa? Marshall alikuwa mpokeaji wa pembeni. Huyu ni yule anayejipanga karibu na mstari, anachomoka mbio, anageuka, na kuukuta mpira wenye umbo la yai tayari uko hewani ukimfuata, beki naye anampumulia mgongoni. Alicheza misimu 13 na kudaka pasi 970. Alivaa jezi za Denver, Miami, Chicago, timu zote mbili za New York, kisha Seattle. Timu 6, na katika miaka yote hiyo hakupata kucheza hata mechi moja ya mtoano.

Je, wajua kwa nini wachezaji wa NFL wanahamahama hivyo? Kila timu kati ya 32 za ligi ile huingia kambini na wachezaji 90. Mwishoni mwa Agosti, kabla ligi haijaanza, lazima wabaki 53. Piga hesabu: zaidi ya watu 1,000 wanaambiwa warudishe vifaa ndani ya siku chache. Baadhi huokotwa na timu nyingine, baadhi hubakizwa kwenye kikosi cha mazoezi, waliosalia wanarudi makwao kusubiri simu. Kwa hiyo mchezaji aliyepita timu tatu au nne, mimi simhesabu kuwa ameshindwa. Kila alipoachwa alipatikana mwingine wa kumtaka. Josh Johnson, mrusha pasi, amesajiliwa na timu 14 za ligi hiyo, na hakuna aliyemfikia.

Usoke inawajua watu wa namna hii tangu kabla ya reli. Leo ni stesheni ya Reli ya Kati, magharibi ya Tabora ukielekea Urambo. Zamani nchi hii yote ilikuwa njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha ikashuka kuelekea Ujiji. Waliokuwa wakiishi kwa kuhama kutoka tajiri mmoja hadi mwingine waliitwa wapagazi.

Je, wajua kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa mkataba? Alikubaliana ujira na posho kabla ya kuinua mzigo, akaenda safari moja, akalipwa, akawa huru kutafuta msafara mwingine au kurudi kulima mvua zilipokaribia. Mzigo wake ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Watu wa pwani walijitwisha kichwani. Mnyamwezi aliweka begani, na kwa miaka bega lile likaota sugu. Pembe ya ndovu iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikabebwa na wawili, na mzigo wa namna hiyo uliitwa mzigaziga. Posho ilipopungua waliweka mizigo chini wakakaa, na tajiri, awe Mwarabu au Mzungu, mara nyingi hakuwa na la kufanya ila kuzungumza nao. Mchezaji wa Marekani mwenye mkataba wa kawaida anaweza kuamka asubuhi akaambiwa timu yake imembadilisha na mchezaji wa mji mwingine, bila kuulizwa. Katika jambo hilo babu zetu walikuwa na sauti kubwa kuliko yeye.

Je, wajua kwamba mbele ya kirangozi hapakupita mtu? Kirangozi ndiye aliyeongoza msafara, naye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi. Alivaa joho jekundu na manyoya kichwani, akainua bendera, na nyuma yake ngoma. Richard Burton, aliyeipita njia hii mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi aliyemtangulia kirangozi alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, na ili aupate tena ilimbidi aukomboe mwisho wa mwendo. Burton huyo na mwenzake Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora.

Je, wajua kwamba ujira wa wapagazi uliwahi kufumwa Marekani? Fedha ya njia hii ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, na nguo iliyopendwa kuliko zote ni pamba ngumu isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts. Watu waliiita merikani. Ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikaweka konseli wake Unguja. Ilipoingia vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, viwanda vikakosa pamba, na wapagazi wa huku Unyamwezi wakaanza kupokea vitambaa vya kuiga kutoka kwingine.

Na pembe zile walizobeba zilikwenda wapi? Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Sehemu kubwa ya pembe zilizotoka Unguja kwenda Marekani iliishia katika vijiji viwili vya jimbo la Connecticut: Deep River, na jirani yake kilichopewa jina la pembe zenyewe, Ivoryton. Humo zilikatwa vipande vyembamba kama kadi, vikaanikwa juani ndani ya nyumba ndefu za vioo hadi vikawa vyeupe kabisa, kisha vikabandikwa juu ya vibao vya piano. Bega lililoota sugu kwenye njia hii ya Unyamwezi lilisaidia kutengeneza kinanda kilichopigwa sebuleni Boston. Mpagazi hakukisikia kamwe.

Je, wajua nani alikwenda Connecticut mwaka 2006, bila mzigo wa mtu? Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, aliyeanza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa kama miaka 15. Alipita Sekondari ya Makongo, akamalizia shule huko Houston, Texas, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Mwaka huohuo timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Juni ikafika, Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Wa tatu alikuwa James Harden. Stephen Curry alikuwa wa saba. Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile aliingia akiwa mbele yao wote wawili.

Baada ya hapo ni safari tupu. Februari 2010 Memphis ilimshusha kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, Dakota. Kabla yake hakuwahi kushushwa huko mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake. Februari 2011 akapelekwa Houston. Machi 2012, Portland. Kiangazi cha mwaka huo akasaini Oklahoma City, na huko, akimkaba mtu chini ya ringi kwa dakika chache kila mechi, alicheza mechi 66 katika msimu mmoja. Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia, nayo ikamwacha baada ya siku chache hajagusa mpira. Zikafuata timu ya maendeleo ya Grand Rapids, Yokohama ya Japani, Fort Wayne, na Hsinchu ya Taiwani. Mechi zake za NBA ni 224. Huku nyumbani wapo wanaomtaja kwa kejeli, eti alichaguliwa wa pili akaishia wapi. Swali hilo linaniumiza. Kijana aliyeushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 alikuwa bado analipwa kuucheza akiwa na miaka 33, katika bara jingine, kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Nionyeshe wangapi wameweza.

Je, wajua kwamba NBA ina mkataba wa siku 10? Upo, kuanzia Januari kila msimu. Mchezaji anaweza kupewa mara mbili na timu ileile. Baada ya hapo imchukue hadi mwisho wa msimu au imwache aende. Siku 10 na posho yake. Mpagazi angeuelewa bila mkalimani.

Je, wajua kuhusu Sidi Mubarak Bombay? Myao huyu alitekwa utotoni, akauzwa hadi India, akarudi akiwa huru. Kisha akafanya kazi na wasafiri wa Kizungu: Burton na Speke (1857 hadi 1859), Speke na Grant (1860 hadi 1863), Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone (1871), na Cameron, aliyevuka naye bara zima mpaka Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Matajiri wanne walifuatana, baadhi yao wakimlalamikia vitabuni mwao, na bado kila aliyefuata alimchukua. Mwaka 1876 Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kilimpa pensheni.

Je, wajua kwamba mwanasoka Mbwana Samatta alipokwenda Lubumbashi mwaka 2011 alifuata njia ya mtu wa Tabora? Katika karne ya 19 Msiri, mtoto wa mfanyabiashara kutoka huku Unyamwezi, alikwenda Katanga, nchi ya Lubumbashi hiyo, kutafuta shaba na pembe, akatawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Watu wake, Wayeke, wako huko hadi leo. Samatta alitwaa na TP Mazembe ubingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha akaenda Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, Antwerp, PAOK na Le Havre. Mwenzake wa Mazembe, Thomas Ulimwengu, alipita Uswidi, Bosnia, Sudan na Algeria, akarudi Lubumbashi kuvaa jezi ileile.

Je, wajua kwamba Mkenya amecheza NFL? Daniel Adongo, aliyesoma Kijabe, alicheza raga Afrika Kusini na New Zealand, akasajiliwa na Indianapolis Colts Julai 2013 akiwa hajawahi kucheza mechi ya futiboli ile hata ya mtaani. Desemba mwaka huo alikuwa uwanjani dhidi ya Tennessee. Na yupo ambaye hakuhama: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alibaki New York Giants tangu 2006 hadi 2014.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita hapa Usoke, ikafika Kigoma 1914, na kazi ya mpagazi wa njia kuu ikaisha. Miezi michache baadaye vita vikuu vikazuka, wakatakiwa tena. Safari hii wengi hawakukubaliana ujira wala posho, walikamatwa. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 walikusanya wapagazi wao katika kambi moja nje kidogo ya mji, na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza likageuzwa na ndimi zetu kuwa Kariakoo. Klabu za soka za Simba na Yanga zina makao yao huko. Samatta alivaa jezi nyekundu ya Simba kabla ya kufika Lubumbashi, na kila watani wa jadi wanapokutana, redio kutoka Dar hadi Usoke hutangaza dabi ya Kariakoo.