Tairi linalowapumulia samaki

Tairi la spea la Toyota ile halimo kwenye buti. Limelala sebuleni, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, ubavuni mwa tangi la samaki. Kutoka kwenye valvu yake umetokeza mpira mwembamba wa dripu, ule ule ambao mgonjwa huuona ukining'inia juu ya kitanda chake hospitalini. Mpira unapanda ukingo wa kioo, unazama majini, unapotelea nyuma ya jiwe, na huko chini unatema mapovu. Ni saa mbili usiku, umeme umekatika, mtaa huu wa Rohero, jijini Bujumbura, umo gizani, na sebuleni hakuna sauti nyingine ila hiyo ya mapovu.

Mwandishi wa makala haya alifika hapa kwa habari nyingine kabisa. Alikuja kuuliza kuhusu magari yanayolala uani kwa kukosa petroli, jambo ambalo msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa. Akaondoka na tairi kichwani.

Mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Buyenzi, na Kiswahili chake ni kile cha Buyenzi, cha kasi na utani. Zamu wake, yaani mlinzi wa nyumba, humwita Mama, majirani vilevile. Jina lake halitaki gazetini. Anasema watu watamcheka, mama mzima kulaza tairi kwenye zulia. Samaki ni urithi wa marehemu mumewe. Bili ya umeme nayo, anaongeza, ilikuwa urithi.

Mtambo wenyewe ni huu. Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita 40 hivi. Likijazwa hadi presha ya kawaida ya barabarani, hewa iliyobanwa humo ikiachiwa inafika lita 80 au zaidi kidogo. Mama alichukua kichwa cha pampu mbovu, kile kinachobonyeza sindano ya valvu, akakifungia mpira wa dripu. Mara ya kwanza mpira ulichomoka kwa kishindo, paka akapotea siku mbili. Sasa umefungwa kwa waya, na juu ya waya umezungushiwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Katikati ya mpira kimebaki kile kigurudumu cheupe ambacho wauguzi hukisogeza kwa kidole gumba kupunguza au kuongeza maji ya mgonjwa. Hapa kinapima pumzi.

Miaka yote ya kazi, Mama alihesabu matone kwa saa ya mkononi: matone kadhaa kwa dakika, ameandika, amesaini. Kwa samaki kanuni imegeuka. Mapovu yakihesabika, ni machache mno. Anataka yatoke kwa mfululizo ambao jicho halishiki, na kidole chake kinaipata sehemu hiyo ya kigurudumu gizani bila tochi. Kwa mwendo huo hewa inatosha saa tano, pengine sita. Kadiri presha inavyoshuka ndivyo anavyofungua kidogo, tena kidogo. Tairi hajazi gereji, ingawa ingekuwa rahisi zaidi. Kompresa za gereji hutema ukungu wa oili pamoja na hewa, na oili ikitanda juu ya maji ni hatari kwa samaki. Kwa hiyo ni pampu ya baiskeli, kwa mkono. Tutairudia pampu hiyo.

Kwa nini pumzi, na si joto? Ukimuuliza mtu wa Ulaya anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika kama hawa umeme wake unakwenda wapi, huenda jibu la kwanza likawa hita. Hita ya wati 100, ikiwaka nusu ya siku katika chumba cha baridi, inakula yuniti moja na robo hivi kila siku, na baada ya bei ya nishati kupaa Ulaya mwaka 2022 yuniti hiyo haikuwa jambo dogo. Mama anayo hita. Mwanawe aliye Ubelgiji alimletea miaka iliyopita, na mpaka leo iko ndani ya boksi lake kabatini, na plastiki juu. Ziwa lenyewe huwa na nyuzi 24 hadi 28 juu, na hata ukishuka mita elfu na mia kadhaa hadi kwenye sakafu yake bado ni kama nyuzi 23. Sebule ya Rohero inaelea hapo hapo mwaka mzima. Joto ambalo mwenzake wa Ulaya analinunua, yeye analipata kwa kufungua dirisha.

Na si joto tu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutolewa ziwani na kusafishwa. Yana chumvichumvi na ugumu ule ule waliouzoea samaki, wakati wafugaji wa mbali hununua chumvi za paketi kuyaiga. Mama huyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue, basi. Shirika la Regideso linalomuuzia ziwa kupitia bomba ndilo hilo hilo linalomuuzia umeme kupitia waya, na katika hesabu zake ni huo wa pili tu unaomkosesha usingizi.

Ndani ya tangi, lenye lita 200, wamo samaki wembamba wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo, mapezi yamechorwa ukingo mweupe, mkia umegawanyika kama kinubi. Kisayansi ni Neolamprologus brichardi, jina alilolitoa Max Poll mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeweka makao Bujumbura na kuwasafirisha samaki wa ziwa hili kwenda kwenye sebule za dunia. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1978. Katika maduka ya Ujerumani na Ufaransa samaki huyu huitwa Binti Mfalme wa Burundi. Ni samaki wa ukoo: watoto wakubwa hawaondoki upesi, hubaki kuwalinda wadogo zao na kuyapepea mayai ya mama kwa mapezi. Mgeni wa Rohero akiwaona huuliza swali moja, kama wanaliwa. Hawaliwi. Ukitaka wa kula, mukeke wako ufukweni.

Binti Mfalme hadai joto, lakini hewa anaidai. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya baridi, kama miligramu 8 kwa lita usawa wa bahari, na Bujumbura, iliyo zaidi ya mita 770 juu, inapunguziwa tena kidogo. Ziwa lenyewe linajua shida hiyo. Upande huu wa kaskazini, ukipita mita mia na kidogo kwenda chini, maji ni ya uvuguvugu lakini hayana oksijeni, na samaki hawaishi. Juu, upepo hufanya kazi ya pampu. Ndani ya kioo hakuna upepo, na umeme ukikatika hakuna kitu.

Marehemu alikuwa na chujio kubwa la kopo, la wati 20, likizunguka mchana na usiku, pamoja na mirija miwili ya taa za kizamani ambazo kwa balasti zake zilikula wati 45 hivi, saa kumi kwa siku. Jumla inakaribia yuniti moja kwa siku, ishirini na nane kwa mwezi. Mita ya Cash Power, ile ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa ikilia kila mara, na Mama akisimama ukutani kubonyeza tarakimu 20, moja baada ya nyingine, huku mume akimsomea. Baada ya matanga aliviondoa vyote viwili. Badala ya chujio aliweka sponji nyeusi inayoendeshwa na pampu ya hewa ya wati 4. Badala ya mirija, taa moja ya LED ya wati 9, saa sita, jioni tu, maana asubuhi dirisha linatosha. Sasa tangi linatumia yuniti nne na nusu kwa mwezi.

Angeweza kuishia hapo, na makala haya yangekuwa ya kubana matumizi. Lakini lile chujio la kopo analisimulia kwa hasira ya muuguzi aliyeona kosa la kazi. Ndani yake huishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki iwe kitu kisicho na sumu kali, na bakteria hao nao wanapumua. Umeme ukikatika kopo lililofungwa linaishiwa oksijeni, wanaanza kufa, na saa umeme unaporudi uchafu wote unasukumwa tangini kwa mkupuo. Maji ya Tanganyika yanazidisha balaa. Yana pH karibu na 9, na katika hali hiyo zaidi ya theluthi ya amonia inakuwa katika umbo lake la sumu. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia moja. Usiku mmoja walikufa kumi na mmoja. Sponji iko wazi ndani ya maji, inapata pumzi pamoja na samaki. Kilicho nafuu kwenye mita kikawa pia kilicho salama. Na umeme ukikatika, Mama hawapi chakula kabisa, amonia isizidi.

Kuna jambo moja lililobaki likimkera mwandishi. Pawabanki ya kawaida ya simu ina nguvu ya kuendesha pampu ndogo ya wati moja kwa zaidi ya siku nzima, kimya, bila jasho. Mama analijua hilo. Pampu hiyo anayo, ndogo kama kiberiti. Anasema umeme ukikatika wajukuu ndio wa kwanza kuifikia pawabanki, na simu ina kelele kuliko samaki. Inaaminika nusu. Nusu nyingine inaonekana anapolishika lile tairi, anavyopitisha kiganja juu ya mpira kama anayepima homa.

Pampu, basi. Ni ya zamu. Tangu Machi 2022, baiskeli, pikipiki na tuktuk zilipopigwa marufuku katikati ya jiji, baiskeli yake haifiki Rohero. Anaiacha njiani, anakuja kwa miguu, pampu ndani ya mfuko. Kulijaza tairi ni kama mara 200 za kushuka na kupanda. Akwaria ya yuniti nne na nusu haina mahali pa kuandika mikono hiyo. Mama anasema zamu hupata chai na mkate, na tena anawapenda samaki. Zamu, alipoulizwa nje getini kama ni kweli, alicheka, akaangalia barabarani, akauliza kama gari la mwandishi lina petroli.

Saa sita kasoro, giza bado. Mama ameinamisha kichwa kuelekea kwenye kioo, macho amefumba. Mfululizo umeanza kukatikakatika. Anafungua kigurudumu mpaka mwisho, anangoja, kisha midomo yake inaanza kucheza bila sauti: moja, mbili, tatu. Kabla hajaita, mlango wa nyuma umeshafunguliwa, na pampu inagonga sakafu.