Je, Wajua? Mama Aliyenusa Ugonjwa Kabla ya Madaktari

Je, wajua kwamba ugonjwa mmoja unaodumaza akili ya mtoto uligunduliwa kwa sababu mama alikataa kunyamaza kuhusu harufu? Borgny Egeland, mama wa Norwe, alikuwa na watoto wawili, wa miaka 6 na 4. Wote wawili walionekana wazima walipozaliwa, kisha akili zao hazikukua kama za wenzao. Tena walikuwa na uvundo fulani usioisha. Alizunguka kwa madaktari asipate jibu, mpaka mwaka 1934 alipofika kwa Asbjørn Følling, daktari aliyesomea pia kemia.

Følling alidondoshea mkojo wa watoto wale kloridi ya chuma. Kwa kawaida dawa hiyo hubaki na ukahawia wake, au huiva wekundu kwa mgonjwa wa kisukari kilichopanda sana. Safari hii mkojo uligeuka kijani. Alidhani labda ni dawa walizokuwa wakipewa, akamwomba mama azisimamishe na kuleta mkojo mwingine. Kijani tena. Baadaye alipima mikojo ya watu 430 waliokuwa kwenye makao ya wenye ulemavu wa akili, akapata wengine 8. Walikuwa wamerithi kasoro inayoufanya mwili ushindwe kuvunjavunja fenilalanini, sehemu ya protini iliyomo kwenye maziwa, nyama na mayai. Inajikusanya mwilini na kuuharibu ubongo ukiwa bado unajengeka. Leo, katika nchi nyingi, mtoto mchanga hutobolewa kisigino na tone la damu yake kukaushwa kwenye karatasi, ili ugonjwa huo ujulikane kabla haujadhuru. Aliyebuni kipimo hicho miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani, alikuwa naye baba wa mtoto mwenye ulemavu wa akili.

Je, wajua kwamba usonji hauna kipimo cha damu kama hicho? Hakuna picha ya ubongo itakayomwambia daktari "ndiyo" au "hapana". Anachoweza ni kumtazama mtoto, kucheza naye na kumsikiliza mlezi. Mtaalamu huketi sakafuni, akapuliza mapovu ya sabuni, halafu akafunga kopo na kutulia. Watoto wengi watamtazama usoni, watalitazama kopo, kisha watamrudia tena kwa macho: puliza basi! Mwenye usonji anaweza kuyapenda mapovu vilevile, ila akaushika mkono wa mtaalamu na kuupeleka kwenye kopo, kana kwamba mkono ule ni kifaa, bila kuyatafuta macho ya mwenyewe.

Kidole cha shahada nacho kina habari zake. Mtoto anayekinyoosha kwenye biskuti anaomba. Anayekinyoosha juu kwenye ndege inayopita, halafu akageuka kuhakikisha nawe umeiona, haombi kitu. Anakugawia furaha yake. Hilo la pili hutarajiwa mtoto akifika kama miezi 18, na likikosekana ni jambo la kwenda kumweleza mhudumu wa kliniki, hata kama bibi anasema baba yake naye alichelewa. Dalili moja haitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa. Inatosha kabisa kuanza kuuliza.

Kabla ya yote, apimwe masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa jina lake huenda hasikii tu.

Je, wajua kwamba makala ya kwanza mashuhuri kuhusu usonji ilitegemea sana barua ya baba? Mwaka 1938 mwanasheria mmoja wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alimwandikia daktari Leo Kanner wa Baltimore kurasa 33 kuhusu mwanawe Donald: alivyozungusha vitu, alivyokariri maneno, alivyoonekana kuridhika zaidi akiwa peke yake. Kanner alipochapisha habari za watoto 11 mwaka 1943, Donald ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Donald Triplett alikua, akafanya kazi benki kwa miaka mingi, akacheza gofu, akasafiri nchi za mbali. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Nawatajia wazazi hili kwa makusudi, maana wengi wakishapewa majibu hospitalini hudhani wamesomewa hukumu.

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kuonekana yuko nyuma kwa sababu tu hajawahi kuona anachoulizwa? Kipimo cha Denver, kilichotungwa Marekani mwaka 1967 na kusambaa duniani, katika toleo lake la mwaka 1992 huuliza kama mtoto anaweza kujiandalia nafaka za paketi kwa kifungua kinywa, au kucheza karata na michezo ya ubaoni. Mtoto wa kijijini anayechambua mchele na kumbeba mdogo wake mgongoni angekosa alama hapo. Kwa sababu hiyo watafiti wa Malawi na wenzao walitunga kipimo chao chenye vipengele 136, wakakijaribu kwa watoto zaidi ya 1,400 na kukichapisha mwaka 2010. Pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walikuwa wameshatengeneza kipimo cha Kilifi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Kazi hizi zinastahili kujulikana zaidi ya zinavyojulikana.

Na mwezi wa kuzaliwa je, nao unaweza kupotosha? Huko British Columbia, Kanada, ambako watoto hupangwa darasani kwa mwaka wa kuzaliwa, wavulana wa Desemba walikutwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 30 wa kuambiwa wana tatizo la kutotulia na kukosa umakini, kuliko wale wa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70. Mdogo kuliko wote darasani alilinganishwa na aliyemzidi karibu mwaka mzima. Mwalimu, kabla hujamwita mtoto mtukutu, itazame tarehe yake ya kuzaliwa.

Turudi kwenye ule ugonjwa wa harufu. Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mama wa binti mdogo aitwaye Sheila alikuwa akimsubiri daktari Horst Bickel kila asubuhi nje ya maabara, akiuliza lini watamtibu mwanawe. Mwishowe walimtengenezea chakula chenye fenilalanini kidogo. Polepole Sheila akaanza kutambaa na kusimama, akaacha kugongagonga kichwa. Madaktari walitaka kuhakikisha ni chakula kweli, wakarudisha fenilalanini kwa siri bila kumwambia mama. Sidhani kama leo wangeruhusiwa, na si haki kumfanyia mama hivyo. Lakini ndani ya siku moja mama alikuwa amekwisha kuona: mwanawe analia, anagonga kichwa tena, na kusimama hawezi. Walirudia jaribio hospitalini, safari hii kwa idhini yake, nao wakaona alichokiona yeye.