Je, Wajua? Sahihi Hutiwa Juu ya Pakacha

Hoteli moja ya Diani inamtumia muuza pweza wa Msambweni mkataba kwa baruapepe, umetiwa sahihi ya kidijitali. Je, wajua kwamba...

...kanuni za usafirishaji wa baruapepe za mwaka 1982 ziliruhusu alama 128 tu? Herufi za Kiswahili zilienea humo zote. Picha na sauti zilikosa nafasi.

...njia ilipatikana mwaka 1992? Nathaniel Borenstein na Ned Freed walileta MIME, utaratibu wa kugeuza faili lolote kuwa herufi za kawaida. Mtindo wake mmoja, Base64, una alama 64: herufi kubwa 26, ndogo 26, tarakimu 10, pamoja na + na /.

...kwa Base64 Kwale huitwa S3dhbGU=, Msambweni TXNhbWJ3ZW5p, na Gazi R2F6aQ==? Herufi huchukuliwa tatutatu, zikatoka nne. Msambweni ina 9, inagawanyika sawasawa. Gazi ina 4, moja inabaki pekee, ndipo = mbili zikaja kujaza pengo.

...kwa hesabu hiyo mzigo huongezeka kwa thuluthi? Picha ya ufuo yenye MB 3 husafiri ikiwa MB 4 na ushee.

...ritifaa ya ng'ombe ina vituko vyake? Iliyonyooka hupita bila swali. Iliyopinda huweza kufungwa hivi, kwa mtindo mwingine wa MIME: ng=E2=80=99ombe. Programu ya mpokeaji ndiyo humrudishia ng'ombe umbo lake.

...Base64 haifichi kitu? Yeyote mwenye kompyuta huifumbua mara moja. Hata sahihi haifichi barua: inaonyesha ufunguo wa siri uliotumika ni wa nani, na kwamba maandishi hayajaguswa.

...barua hufungwa kwanza, ndipo sahihi ikatiwa? Sababu ni seva za njiani. Nyingine hufuta nafasi tupu mwishoni mwa mstari, nyingine hukata mistari mirefu. Kwa hiyo programu hufunga kila kitu kwa herufi zinazopita popote, kisha hutia sahihi juu ya kifurushi chenyewe.

...PGP, programu ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991, huogopa vistari? Inapotia sahihi, yenyewe huzungushia barua mipaka ya vistari. Ukiandika orodha ya nazi na pweza, kila mstari unaoanza na kistari huongezewa kistari kingine na nafasi mbele yake, usidhaniwe ni mpaka. Mpokeaji huviondoa kabla ya kuhakiki.

...kile kiambatisho kidogo kiitwacho smime.p7s, ambacho wengi hukidhania kirusi, kwa kawaida ndiyo sahihi yenyewe?

...Kenya ilirekebisha sheria zake za biashara mwaka 2020, sahihi ya kielektroniki ikatambuliwa hata katika sheria ya mikataba?

...onyo la "sahihi si halali" si lazima limaanishe mwizi? Huenda seva imeongeza nafasi moja tu.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Pakacha hili likivuja hata nukta moja, muuza pweza ataletewa onyo, na mkataba utaanza safari upya kutoka Diani.