Ukuta kutoa chumvi

Ukuta kutoa chumvi ni hali ambayo unga mweupe hujitokeza juu ya ukuta wa matofali, mawe au zege, na mara nyingi rangi au lipu hubanduka pamoja nao. Huwasumbua sana watu wanaojikarabatia nyumba wenyewe, kwa sababu kazi huonekana imekamilika, kisha baada ya miezi michache doa linarudi palepale.

== Chanzo ==

Matofali na saruji vina vinyweleo. Maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, kwa kawaida hadi kimo cha takriban mita 1. Njiani huyeyusha chumvi za ardhini na za ukuta wenyewe. Yakifika usoni hukauka, chumvi ikabaki. Fuwele zikiundwa nyuma ya rangi huisukuma mpaka ivimbe na kupasuka. Mara nyingi basi rangi yenyewe haina kosa, ingawa muuza rangi ndiye hulaumiwa kwanza.

Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo hakuna tabaka la nailoni nzito au lami kati ya msingi na ukuta, au pale mchanga wa baharini ulipotumika bila kuoshwa. Chumvi ya bahari hutia pia kutu nondo, na hapo tatizo si la urembo tena.

== Makosa ya kawaida ==

Wengi hukwangua, hupiga msasa, kisha hupaka rangi ya mafuta ili kuzuia maji. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi. Kuosha unga kwa maji nako huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Afadhali brashi kavu.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo huuachia unyevu utoke. Lipu ya saruji ikipigwa juu yake huonekana imara, lakini hufungia maji ndani: chokaa hulainika, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza bila kuonekana. Ukuta wa namna hiyo hutengenezwa kwa chokaa.

== Utambuzi na matengenezo ==

Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa siku moja au mbili, kingo zote zikiwa zimezibwa. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, unatoka hewani.

Kabla ya kununua rangi, kagua mabomba yanayovuja, maji ya paa yanayomwagika chini ya ukuta, na udongo uliorundikana nje. Lipu iliyoharibika hubomolewa hadi juu ya alama ya chumvi, kisha ukuta huachwa ukauke. Mafundi hukadiria mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, hivyo tofali la milimita 150 huhitaji kama miezi 6. Wachache husubiri hivyo, hasa sikukuu ikikaribia.