Sinema ya Mzuka Isiyotisha
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo iliyopita wengi wetu tuliitazama sinema iitwayo The Curse of La Llorona katika banda la video hapa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Tuliingia kwa hamu, tukatoka tukipiga miayo. Nimeona yafaa nieleze sababu, kwani swali lenyewe si dogo: ni kitu gani hufanya hadithi ya mzuka itishe, na hofu hiyo ina faida gani?

Sinema hiyo ilitengenezwa Marekani, ikaanza kuonyeshwa mwaka 2019. Mwongozaji wake ni Michael Chaves. Kisa chatokea mjini Los Angeles mwaka 1973, lakini asili yake ni ngano ya zamani ya Mexico, juu ya mwanamke aliyewazamisha wanawe mtoni kwa wivu, kisha naye akafa maji. Tangu siku hiyo mzuka wake huzunguka ukilia na kutafuta watoto wa wengine.

Huko Mexico wazazi huisimulia ngano hii ili watoto wasicheze kando ya maji usiku. Tazameni basi kazi yake: mzuka ni mlinzi. Nyuma yake pana mto wa kweli uwezao kumwua mtoto. Hata sisi twalielewa jambo hili. Katika nchi yetu ya dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, yako mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyoachwa wazi, na masika hujaa maji. Bibi akimwambia mjukuu kwamba shimoni mna kitu kivutacho watoto, mtoto hulikwepa. Kitu hicho hakimo, lakini shimo lipo.

Sinema hii imeusahau mto. Mzuka huingia nyumbani, bafuni, hata kwenye gari, na kila mara huwa kimya kidogo, kisha kelele kubwa. Lakini kushtuka si kuogopa. Sauti ya ghafla ikitufikia, macho hufumba yenyewe kabla hatujafikiri, kwa muda mfupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde. Mwili nao hujifunza upesi: sauti ileile ikirudiwarudiwa, mshtuko hupungua. Ndiyo sababu kufikia katikati, watu bandani walikuwa wakicheka.

La kusikitisha zaidi ni kwamba sinema ilikuwa na jambo la kutisha kweli mkononi, ikalitupa. Mwanzoni yumo mama aitwaye Patricia. Anna, mtumishi wa ustawi wa jamii, amkuta amewafungia wanawe wawili kabatini, wana alama za kuungua mikononi. Adhani kwamba mama ndiye mtesaji, na watoto wachukuliwa. Muda si mrefu wanakufa maji. Kumbe mama alikuwa akiwaficha! Mtu kushtakiwa kwa yale yaonekanayo tu, hilo ndilo la kutisha. Sinema ikalipita, ikarudia kelele zake.

Sisi wa Usukuma twalijua jambo hilo. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa katika mikoa yetu kwa kudhaniwa wachawi, na alama ya kuwashtaki imekuwa macho mekundu. Sababu ya macho hayo si uchawi, ni moshi. Mahali kuni zilipoadimika, akina mama walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, katika jiko lisilo na dirisha, tangu usichana hadi uzee. Aliyetupikia ugali ndiye aliyepatwa na macho yale.

Usiku ule tulipotoka bandani, watoto wadogo walimwona bibi mmoja njiani akijifuta macho. Wakapiga kelele, "Huyo!" wakakimbia. Watu wazima walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Basi, hadithi ya mzuka tuipime hivi: je, inamwonyesha mtoto shimo, au inamwonyesha mtu? Ikimwonyesha shimo, humlinda. Ikimwonyesha mtu, humfundisha kuogopa uso wa jirani, na hofu hiyo hukua pamoja naye. Tuliotazama sinema ile na wadogo zetu tuwaeleze habari ya moshi, tena tukiwa nyumbani tuwatobolee bibi zetu dirisha jikoni. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi.