Kabla ya kubadilisha chasisi ya Volkswagen yenye paa la kukunja

KATIKA kazi ya kulifufua gari la zamani, hakuna habari inayomvunja moyo mmiliki kama kuambiwa na fundi kwamba chasisi imeliwa na kutu kiasi cha kutoweza kuchomelewa tena. Mwenye Volkswagen Beetle ya paa la kukunja hupata faraja upesi, kwani Beetle za kawaida zenye paa la bati ziliundwa zaidi ya milioni 21. Hujiuliza: kwa nini nisichukue chasisi ya mojawapo ya hizo?

Jibu ni kwamba inawezekana, lakini si kwa kila chasisi.

Chasisi ya Beetle haifanani na ile ya lori yenye mihimili miwili. Ni sakafu ya bati yenye mhimili mmoja ulio mfano wa handaki, unaopita katikati kutoka mbele hadi nyuma. Bodi hukalishwa juu yake na kufungwa kwa bolti. Ndiyo maana viwili hivyo huweza kutenganishwa.

Magari haya ya paa la kukunja yaliundwa na kampuni ya Karmann katika mji wa Osnabrück, Ujerumani, tangu mwaka 1949 hadi Januari 1980, na idadi yake ilizidi 330,000. Kuondoa paa la bati ni kuondoa sehemu kubwa ya uimara wa gari. Karmann walifidia upungufu huo kwa kuongeza mihimili ya chuma kwenye kingo za chini za bodi, chini ya milango. Kwa hiyo, nguvu ya ziada ya gari hili imo zaidi katika bodi kuliko katika sakafu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Sakafu ya gari la paa la bati, ikiwa ni ya kundi moja na gari lako, yaweza kufaa. Lakini bodi ambayo mihimili yake ya pembeni imeoza haiponi kwa kubadilishiwa chasisi. Gari litalegea katikati na milango haitafunga sawasawa. Mihimili hiyo ikaguliwe kabla ya kununua chochote.

Baada ya hapo, yapo mambo manne ya kuhakiki.

Kwanza, soma namba ya chasisi. Imegongwa juu ya handaki, chini ya kiti cha nyuma. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu mbili za mwanzo huonyesha aina: 11 ni gari la paa la bati na 15 ni la paa la kukunja. Tarakimu ya tatu ni ya mwisho katika mwaka wa modeli. Hivyo namba inayoanza na 158 ni ya paa la kukunja, modeli ya 1968. Kumbuka kwamba mwaka wa modeli ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia.

Pili, tazama mbele. Kuanzia modeli ya 1971, gari la paa la kukunja lilifuata muundo wa 1302, na baadaye 1303, ambao springi na shokapu zake za mbele husimama wima na kushikwa juu na bodi yenyewe. Chasisi ya Beetle ya kawaida, yenye mabomba mawili ya kulala mbele, haiwezi kupokea bodi hiyo. Hata umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hutofautiana: milimita 2,400 kwa Beetle ya kawaida na 2,420 kwa 1302 na 1303.

Tatu, tazama nyuma. Beetle za awali zina ekseli zinazobembea kutoka kwenye giaboksi, ilhali 1302 na 1303 zina mikono ya ziada inayoshikwa na chasisi. Mahali pa kushikiza mikono hiyo hapapo katika chasisi za awali.

Nne, chukua futi kamba. Pima kutoka kona hadi kona kwa mkingamo. Vipimo viwili vikitofautiana, chasisi imepinda. Usidanganywe na umbali wa magurudumu peke yake: chasisi ya Karmann Ghia nayo ina milimita 2,400, lakini sakafu yake ni pana zaidi. Kagua pia sehemu za kutilia jeki pembeni, kwa kuwa huko ndiko mihimili ya ziada hupita.

Kabla ya kunyanyua bodi, fundi achomelee vyuma vya muda kukinga uwazi wa milango. Bodi isiyo na paa, ikiachanishwa na sakafu bila vyuma hivyo, huweza kujikunja, na kuirudisha katika umbo lake ni kazi ngumu kuliko ile iliyokusudiwa.

Mwisho ni suala la sheria. Ukibadilisha chasisi, umebadilisha pia namba inayolitambulisha gari. Kuigonga namba ya zamani juu ya chasisi nyingine ni kughushi, na huweza kumfanya mmiliki halali aonekane mwizi. Toa taarifa kwa mamlaka ya usajili kabla ya kazi kuanza, na tunza hati ya mauziano ya chasisi uliyonunua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.