Minerval imelipwa, jina halionekani: kosa linalojificha ndani ya tovuti za shule

Mzazi amelipa minerval, risiti anayo mkononi, lakini jina la mtoto halimo kwenye orodha ya waliolipa. Pesa haikuibiwa. Imeandikwa katika hifadhidata ya mwaka uliopita.

Jambo hilo linaweza kutokea pale tovuti ya shule inapotumia hifadhidata mbili, na aliyeandika programu hakutaja ombi lake liende kwa ipi. Katika PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka 1995 na ambayo tovuti nyingi zinaitumia upande wa seva, amri ya zamani mysql_query ilipokea ombi pamoja na kiungo cha hifadhidata. Lakini kiungo hakikuwa cha lazima. Ukikiacha, PHP ilichukua kile kilichofunguliwa mwisho, bila kuuliza.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, maana unamnasa hata mtu makini. Ukifungua kiungo mara mbili kwa seva ileile, jina lilelile la mtumiaji na neno la siri lilelile, PHP ilikurudishia kile cha kwanza. Unadhani unavyo viwili, kumbe ni kimoja, na hifadhidata uliyoichagua mwisho ndiyo inapokea kila kitu.

Amri hizo ziliondolewa katika PHP 7.0, Desemba 2015. Shule iliyobaki na programu ya zamani kwenye seva ya zamani bado imo hatarini.

Njia ya leo ni PDO, iliyokuja na PHP 5.1 mwaka 2005. Chanzo kinaandikwa kwenye mstari mmoja, kwa mfano mysql:host=localhost;dbname=shule, na kila ombi linapita kwenye muunganisho wenye jina lake, tuseme $mwakahuu->query. Huwezi kuuliza bila kumtaja unayemuuliza.

Hata hivyo, binadamu anaweza kutaja jina lisilo sahihi. Ndiyo maana inafaa mtumiaji wa hifadhidata ya zamani apewe haki ya kusoma tu, yaani SELECT. Malipo yakipotea njia, MySQL itakataa kuyaandika. Na programu ikague jibu hilo kwanza, ndipo itoe risiti.